Nilimtafuta kwa Jina Lako

Faraja,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia hapa hapa nilipo. Uko chumba cha pili unapambana na zipu ya begi, na mama yako mdogo Editha anakwambia ulikalie kwanza ndipo ulifunge. Ningeinuka nije kulikalia mimi, maana uzito ninao. Lakini tangu Jumapili mimi na wewe hatujasemezana sana zaidi ya "naomba chumvi" na "umeme umerudi", na mimi nikianza kuongea kwa mdomo naharibu. Unanijua. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mtu mzima mimi, kutwa kucha nawataipia watu barua zao pale dukani Lizaboni, halafu ya mwanangu naiandika kwa mkono, mistari inapanda na kushuka.

Habari za kufunga mlango, kuchemsha maji na kutopokea soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, Editha amekwisha kuzisema mchana kutwa, sina la kuongeza. Dagaa wa Nyasa wako kwenye mfuko mweusi. Basi, hayo yameisha.

Ninachotaka kukwambia ni kilichotokea leo dukani. Ila siwezi kukifikia bila kupitia Jumapili, na Jumapili inaniuma.

Ulikuja na simu mkononi, unacheka, ukasema majina ya ajira yametoka na umepangiwa shule Kigoma. Mwalimu! Mtoto wangu mwalimu! Baba mwingine angeruka. Mimi nikasema nini? Nikasema, "Sasa nani atabaki na steshenari?" Ndilo neno la kwanza lililonitoka, na la pili likawa kwamba Kigoma ni mbali, na la tatu kwamba ungeweza kusubiri nafasi ya huku huku. Kicheko chako nilikiona kinaondoka. Hukubishana. Ulisema, "Sawa, baba. Naomba kitu kimoja tu niondoke nacho. Nitafutie chochote cha mama humo kwenye kompyuta. Hata kama ni sauti." Halafu ukaingia ndani.

Ungeweza kuongeza neno moja na ningelistahili. Ungeweza kusema, "Chochote ulichobakiza." Hukusema, lakini mimi nililisikia.

Tangu picha zile hatujawahi kukaa tukaziongelea, kwa hiyo ngoja nizitaje leo. Mama yako alikuwa ametutoka, haujafika mwaka, wewe ukiwa kidato cha pili bwenini. Kompyuta ilijaa ikawa inatambaa, na dukani ulikuwa msimu wa fomu za shule, watu wamepanga foleni mpaka nje. Nikatafuta cha kupunguza. Picha za wateja, zile za pasipoti, zote zilitoka kwenye kamera yetu na kamera ilizipa majina yake yenyewe, DSC na namba. Nikafungua kisanduku cha kutafutia, nikaandika DSC, nikaweka nyota, ile alama inayoleta kila kinachoanza hivyo. Zikaja mamia kwa mamia, sura za Songea nzima. Nikazichagua zote kwa mpigo, nikazifuta moja kwa moja, bila hata kuzipitishia kwenye pipa la taka. Kompyuta ikapumua. Nikajisifu kwa mteja aliyekuwa mbele yangu.

Kumbe kamera ilikuwa ni hiyo hiyo. Kamera iliyopiga wateja ndiyo iliyompiga mama yako kule kwao Maposeni, kwenye mahindi, na siku ya kipaimara chako, na ile aliyokuwa anakukimbiza na kanga. Hakuna aliyewahi kuzipa picha zile majina. Zilikuwa DSC na namba, kama za wateja. Ulipokuja likizo ukaniuliza ziko wapi, nikakujibu kwa ukali kwamba kompyuta ilikuwa imejaa, kana kwamba wewe ndiye uliyeijaza. Ukaenda kukaa kwenye ngazi ya duka ukiwa umenipa mgongo. Mimi nikaendelea kutoa fotokopi. Haki ya Mungu, Faraja, niliendelea kutoa fotokopi! Imebaki ile moja ya kitambulisho, amekunja uso kama anadaiwa, na mama yako hakuwa mtu wa kukunja uso.

Kwa hiyo Jumapili uliponiomba, nilijua naombwa na nani na kwa nini. Jumatatu nilifungua duka mapema nikaanza kazi. Kutafuta faili nakuweza, na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe. Unajua kwamba yeye ndiye aliyeijua kompyuta kwanza, alisomea kwa masista kabla sijamwoa, ingawa ubao ulio juu ya mlango una jina langu peke yangu. Alinivumilia. Kidole changu kilikuwa kinaitafuta herufi kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, naye amekaa pembeni anashona vifungo. Akaniambia, "Ukisahau jina la faili, usihangaike kufungua moja moja. Andika kile unachokikumbuka. Pale usipopakumbuka, weka nyota, yenyewe itajaza. Ila ukiandika kidogo sana vitakuja vingi mpaka uchoke, na ukiandika vingi mno hakitakuja kitu." Nimeishi kwa maelezo hayo miaka yote. Hayo ndiyo yamekulipia ada.

Nikaandika mama faraja, nyota mbele, nyota nyuma. Hakuna kitu.

Nikaandika mama peke yake na nyota. Weee! Ilikuja Lizaboni yote. Mama Upendo, barua ya kuomba uhamisho. Mama Joni, kadi za mwaliko. Mama Asha, tangazo la chumba cha kupanga. Mama Upendo tena, barua ya kuomba uhamisho, iliyorekebishwa. Nilizipitia zote, jioni baada ya jioni, mpaka macho yakawa yanawasha. Wanawake wote wa mtaa huu wamo humo ndani isipokuwa mmoja. Nikajaribu faraja. Zikaja ripoti zako za shule, barua zako za maombi na zile nyimbo zako za kwaya. Nikajaribu kwaya. Nikajaribu maposeni. Jana jioni nikakwambia mlangoni, "Hakuna kitu, mwanangu. Nimetafuta." Ukasema, "Haya, baba. Asante kwa kutafuta." Ile asante ilinikata kuliko kama ungenitukana.

Sasa ya leo. Editha ameshuka kutoka Maposeni na unga wake kichwani, umempokea, mmekumbatiana pale uani. Mimi nilikuwa naosha uso nijiandae kurudi dukani. Akakushika mashavu, akasema, "Loo, Skola angekuona leo!"

Nilibaki na maji mkononi.

Skola. Mwanangu, sikumbuki mara ya mwisho jina hilo kulisikia ndani ya nyumba hii. Tangu siku uliyozaliwa mama yako alikuwa Mama Faraja. Mimi nilimwita hivyo, majirani hivyo, wateja hivyo, hata katekista pale kigangoni. Ni heshima yetu, na sikuwahi kuiona na kasoro. Mwanamke amekuzalia, unaanzaje kumwita jina kavu kama mwalimu anayeita mahudhurio? Kwenye simu yangu alikuwa Mama Faraja. Siku nikiwa na hasira alikuwa Mama Faraja, na siku nikiwa na mapenzi, Mama Faraja. Na nilipomtafuta humo, nikamtafuta kwa jina lako, kwa sababu mimi ndivyo ninavyomjua. Haikunipitia kabisa akilini kwamba yeye alipokaa peke yake mbele ya kompyuta, akitaka kuhifadhi kitu chake, hakuwa anajiita Mama Faraja.

Nikaondoka bila hata kumsalimia shemeji yangu vizuri, mtanisamehe. Nimefika dukani nikaandika Skolastika, jina lote, nyota mbele na nyuma. Hakuna. Halafu nikakumbuka alivyonifundisha, ukiandika vingi mno hakitakuja kitu. Nikafuta, nikabakiza skola. Nikaweka nyota.

Yakaja, Faraja. Mafaili yakaanza kushuka moja baada ya jingine, skola hiki na skola kile, kutoka kwenye folda ambalo mimi sijawahi kulifungua, maana nilidhani ni takataka za kompyuta ya zamani zilizohamia kwenye hii. Yalipona kwa sababu hayakuwa DSC. Alikuwa ameyapa jina lake, na kufuta kwangu hakukuyagusa.

Mengi ni barua. Barua zake za kuomba kazi, zimeandikwa safi, kila moja imerekebishwa mara mbili mara tatu. Nilipoona neno Mbesa ndipo nilipofunika uso.

Hili wewe hulijui, ulikuwa bado mdogo wa kubebwa. Siku moja alikuja mezani amevaa kitenge chake cha Jumapili na haikuwa Jumapili. Akasema, "Baba Faraja, nimeitwa kwenye usaili kule Mbesa, hospitalini. Kutunza kumbukumbu za wagonjwa." Nilikuwa nakula. Nikamwambia, "Mbesa? Tunduru huko? Sasa nani atabaki na steshenari?"

Umeyasikia maneno hayo? Ni yale yale. Nimekuja kukwambia wewe Jumapili maneno yale yale niliyomwambia mama yako, bila kubadilisha hata moja, na wala sikukumbuka kwamba nilikwisha kuyatumia.

Akasema mtoto angekwenda naye, na mimi ningefundisha mtu kutaipu, na mwisho wa mwezi angekuwa anakuja. Alikuwa amepanga kila kitu. Nikamwambia, "Mama Faraja, acha utani." Kwa kucheka kabisa, sikugomba. Labda ningegomba naye angegomba. Aliangalia meza, halafu akaniuliza kama aniongezee mboga. Nikasema aniongezee. Yakaisha. Hakuligusa tena mpaka anaingia kaburini, na mimi kwa akili yangu nikaona amenielewa, tena nikawa nawaambia watu nina mke msikivu.

Katikati ya barua hizo kulikuwa na faili moja la sauti. Skola usaili, ndivyo alivyoliita. Nikavaa zile spika za masikioni, nikabonyeza.

Ni yeye. Unakumbuka kile kipaza sauti kidogo kilichokuja na kompyuta ya kwanza, ulichokuwa unakitafuna? Alikitumia hicho kujizoeza, naona ni siku chache kabla hajaniambia. Anaanza, "Naitwa Skolastika, natokea Songea, kazi yangu ni..." halafu anakosea, anacheka. Kile kicheko chake cha puani, Faraja! Nilikuwa nimekisahau. Nilidhani nakikumbuka, kumbe nilikuwa nakumbuka kingine. Anaanza tena. Safari hii wewe ndiye unayemvuruga, uko chini ya meza unaimba yako isiyo na maneno, naye anakwambia, "Faraja mwanangu, nyamaza kidogo, mama anaongea na wakubwa." Unanyamaza. Halafu unaendelea.

Mara ya tatu anasema vizuri. Sauti imetulia, siyo ile ya kuniuliza kama naongeza mboga. Sauti hii sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu. Anasema, "Naitwa Skolastika. Kupanga mafaili ndiyo kazi yangu. Mgonjwa akija amesahau kadi, akakumbuka nusu tu ya jina aliloandikishwa, mimi nitampata." Anapumua. Anasema, "Na kazi hii naitaka kwa sababu..."

Hapo inaingia sauti ya mwanaume kwa mbali. "Mama Faraja! We Mama Faraja! Mteja huku!"

Anaitika, "Abee!" Kiti kinaburuzika. Imekwisha.

Ni mimi yule, mwanangu. Yule anayepiga kelele ni mimi. Nikairudia, na ile mara ya pili nilikuwa nimeinama kabisa kwenye meza, nikitumaini kwamba labda safari hii atamalizia. Mjinga gani mimi. Nikairudia tena na tena, na kila nikifika pale napiga kelele. Akaingia mteja kweli, yule mwalimu mgeni aliyehamia jirani na kanisa, anataka fotokopi ya kitambulisho. Nikamwambia, "Subiri." Maishani mwangu sijawahi kumwambia mteja asubiri. Alinitazama machozi yananitoka, akasema, "Pole, baba," akaenda kukaa kwenye ngazi, pale pale ulipokaa wewe.

Niliporudi nikamvuta Editha pembeni nikamuuliza, dada yako aliitaka kazi ile kwa nini? Aliwahi kukwambia? Akafikiri, akasema, "Shemeji, alisema tu anaitaka. Wewe hukumuuliza?" Sikumuuliza. Nimeishi naye miaka yote ile, nikajua anapenda chai ya tangawizi, nikajua goti lipi linamuuma wakati wa masika, na hilo sikumuuliza. Lingekuwa jambo la dakika moja, mboga iko mezani, mtu yuko mbele yangu amevaa kitenge cha Jumapili. Sasa hakuna ninayeweza kumuuliza, na hakuna pa kuweka nyota ijaze yenyewe. Najuta, Faraja. Nimetafuta neno la kukulainishia nikalikosa. Najuta kwa yeye, najuta kwa zile picha, na najuta kwa Jumapili.

Wewe je, Kigoma unaitaka kwa nini? Unaona, hata wewe sijakuuliza. Nimekuuliza nani atabaki na duka.

Nimeiweka ile sauti kwenye flashi pamoja na barua zake. Iko mfuko wa pembeni wa begi lako, ule wa zipu ndogo, nimeifunga ndani ya leso. Wakati wa kuihamisha nilitaka kubadilisha jina la faili, niandike sauti ya mama Faraja, ili uione haraka. Vidole vilikwisha kufika kwenye kibodi, nikavitoa. Nimeliacha alivyoliita mwenyewe. Siku ukimtaka, hata uwe umejaza kompyuta mitihani ya watoto mpaka hujui kipi kiko wapi, andika skola, weka nyota, atakuja.

Utanisikia mle ndani nikiita. Nilifikiria kukata kile kipande cha mwisho, kuna programu ya kukatia, naijua. Nikaona hapana. Ukimsikiliza yeye, unisikie na mimi nilivyokuwa.

Ubao wa dukani nitauandika upya. Nimekwisha kuongea na fundi wa maandishi pale kona, atakuja wiki ijayo. Jina la Skolastika litakuwa la kwanza. Najua limechelewa, usiniambie. Na steshenari ikinishinda peke yangu nitatafuta mtu, na nikikosa mtu nitaifunga saa ninazochoka. Ni duka tu, lina mashine ya fotokopi na stuli mbili.

Kesho stendi nitabeba begi na sitasema mengi, nikisema nitaharibu tena. Huko uendako watakuuliza, walimu wenzako, wenye nyumba, watoto darasani, umekujaje mbali namna hii na kwa sababu gani. Wajibu, Faraja. Wajibu polepole mpaka mwisho wa sentensi, na siku ukiwa na nafasi unijibu na mimi. Simu nitapiga, hiyo siwezi kujizuia. Lakini kukuita urudi, sitakuita.

Ni mimi baba yako,
Osmundi